Chumba Juu ya Banda la Boti

Siku ile Rhobi hakukaa chini hata mara moja.

Tangu saa moja asubuhi, gari lilipowashusha wageni kwenye ukingo wa bwawa, alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikagua kamba za mitumbwi, akazikagua tena. Alihesabu makoti ya kuelea yakawa kumi, idadi ile ile iliyokuwa imepakiwa Mugumu. Alimuuliza mlinzi wa bwawa kama viboko wamevuka upande huu, na mlinzi alipojibu kwamba wako kule kwenye matete ya mbali, alimshukuru, akaondoka, kisha akarudi kumuuliza swali lile lile.

Ngeleja alimtazama kutoka chini ya turubai, akajua kuna kitu.

Miaka mitatu ya kumpenda mtu inakufundisha kumsoma. Alijua Rhobi akikasirika husema polepole. Alijua akifurahi huimba Kikurya kwa sauti ya chini bila kujua kwamba anaimba. Lakini huku kutotulia kwa leo hakukuwa katika daftari lake.

"Rhobi," alimwita alipopita karibu. "Njoo unywe chai."

"Nakuja, Mwalimu." Mbele za watu alimwita hivyo, Mwalimu. Wakiwa wawili alimwita Ngele.

Hakuja. Alikwenda kupanga makasia.

Wageni walikuwa wanane, Wafaransa, wengi wao watu wa makamo wenye miguu mikakamavu ya watu wanaotembea sana. Walitoka wilaya moja ya vijijini huko kwao, mahali penye maziwa mengi madogo katikati ya misitu, na walikuja Serengeti kuona wanyama. Lakini kabla ya kuingia hifadhini walitaka siku moja ya kufanya yale wanayoyafanya kwao: kupiga kasia, kuzunguka maji kwa miguu, kupanda mlima na kuangalia ndege. Rhobi ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Ngeleja, ambaye shule yake ya Kisaka ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi, aliombwa kuja kusaidia kutafsiri.

Ajabu ya mambo ni kwamba Kifaransa cha Rhobi kilitoka kwa Ngeleja. Miaka mitatu nyuma, Rhobi alikuwa akipika katika kambi moja ya watalii. Siku moja wageni wawili walimsema mbele yake kwa lugha yao huku wakicheka, naye akawaandalia chakula chao bila kujua wamesema nini. Jumamosi iliyofuata alisimama dirishani mwa darasa la Ngeleja na daftari jipya mkononi. "Mwalimu," alisema, "nataka kujua watu wanasemaje juu yangu." Ngeleja, Msukuma wa Maswa, aliyepangiwa kazi huku na serikali na ambaye hakuwa na rafiki hata mmoja wilaya nzima, alimpa kiti cha mbele. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amempa na moyo.

Na Jumapili iliyopita, baada ya miezi minane ya kusema hapana, baba yake Rhobi kule Nyanungu alikubali kupokea wazee wa Ngeleja. Posa ilipangwa Jumamosi hii. Mjomba wake, Luhaga, alikuwa tayari njiani kutoka Maswa.

Hivyo ndivyo Ngeleja alivyojielezea kutotulia kwa mpenzi wake. Ni posa, alijisemea. Mwanamke yeyote angekosa utulivu.

Saa tano walirudi kutoka kuzunguka bwawa. Walikuwa wameona ndege aina ya mdiria wakijitupa majini kama mawe ya bluu, na furukombe mmoja aliyemnyakua samaki mbele yao mpaka wageni wakapiga makofi. Sasa walikaa kwenye mikeka, viatu pembeni, wakila ugali na sato kwa mikono na kuchekana kwa jinsi walivyokuwa wakimwaga mchuzi.

Mama mmoja mwenye nywele fupi nyeupe, Solange, alisogea karibu na Ngeleja. Yeye ndiye aliyeipanga safari nzima, na huko kwao alikuwa na boti za kukodisha.

"Mwalimu," alimwambia kwa Kifaransa, "na wewe utakuja kututembelea? Miezi saba ni mingi kwa watu wanaopendana."

Ngeleja alitabasamu. Alidhani hakusikia vizuri. "Miezi saba ya nini, mama?"

"Ya Rhobi." Solange alitoa simu, akaifuta kwenye suruali yake. "Hajakuonyesha picha? Ngoja uone. Hili ndilo ziwa letu kubwa. Hapa ndipo atakapokuwa akiwachukua wageni kwa boti asubuhi. Mchana ni baiskeli, njia hii inapita msituni mpaka kwenye maporomoko. Hapa juu kuna benchi, ukikaa unaona maziwa manne kwa pamoja. Watu hulia wakifika hapo, nakuambia. Wageni wetu watampenda. Anajua maji, anajua ndege, na anacheka vizuri."

Ngeleja aliendelea kutabasamu. Uso wake ulikuwa umeganda hivyo na hakujua jinsi ya kuulegeza.

"Na hiki," Solange alisema, akipitisha kidole, "ndicho chumba chake. Kiko juu ya banda la boti. Nilikipaka rangi mwenyewe."

Kilikuwa chumba kidogo, cheupe. Dirisha moja lenye pazia la maua. Meza. Na kitanda, kimetandikwa blanketi la kijani, mto umepigwapigwa ukavimba, tayari.

Kile kitanda ndicho kilichomchoma. Maneno mtu anaweza kuyatilia shaka. Lakini mtu hatandiki kitanda kwa ajili ya jambo ambalo halijaamuliwa.

"Kizuri," alisema. "Anaanza lini?"

Solange alimtazama, na polepole furaha ikamtoka machoni. "Tunaondoka naye kesho alfajiri," alisema. "Tunapita hifadhini mpaka Arusha, Jumamosi tunapanda ndege pamoja. Mwalimu... nilidhani unajua."

"Najua," Ngeleja alisema, na huo ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuusema kwa Kifaransa.

Aliinuka, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye mitumbwi ambako Rhobi alikuwa akifungua fundo alilolifunga mwenyewe dakika tano zilizopita.

"Twende majini," alimwambia.

"Wageni bado wanakula. Baadaye tunapanda mlima, nataka—"

"Rhobi. Twende majini."

Rhobi alimwangalia usoni. Kisha akatupa jicho kule kwenye mikeka, kwa Solange aliyekuwa amesimama na simu mkononi, na mabega yake yakashuka.

"Vaa koti la kuelea," alisema kwa sauti ndogo.

Mtumbwi wa watu wawili unahitaji mapatano. Anayekaa mbele anatoa mwendo, wa nyuma anashika njia. Wao wawili walikuwa wamepiga kasia pamoja mara nyingi katika bwawa hili. Leo Ngeleja alipiga kwa hasira upande wa kulia, Rhobi akajaribu kumfuata kushoto, na mtumbwi ukazunguka pale pale. Wakajaribu tena, ukazunguka tena. Mwishowe Rhobi aliweka kasia mapajani.

"Acha kupiga," alisema. "Sema."

"Niseme nini? Mimi ndiye wa kusema?" Ngeleja aligeuka kwa ghafla mpaka mtumbwi ukayumba. "Kesho, Rhobi! Kesho alfajiri! Mjomba wangu yuko kwenye basi sasa hivi, amebeba kanzu ya babu yangu. Mama yangu amefunga siku tatu akituombea. Na wewe kitanda chako kimeshatandikwa Ufaransa!"

"Nilitaka kukwambia leo."

"Leo saa ngapi? Baada ya mlima? Au ungeniandikia ujumbe kutoka Arusha?"

"Leo asubuhi. Halafu nikasema saa nne. Halafu nikasema tukimaliza kula." Aligonga kasia kwa kiganja. "Tangu asubuhi nazunguka kama mwehu, hujaniona?"

"Nimekuona. Nilidhani unafikiria Jumamosi yetu."

Rhobi alifunika uso kwa viganja. Maji yalikuwa yakipigapiga ubavuni mwa mtumbwi, na upepo mdogo ulianza kuwasukuma kuelekea katikati bila wao kujali.

"Niliomba mwezi wa kumi na mbili," alisema ndani ya viganja. "Solange alinitumia fomu tulipokuwa tukipanga safari hii. Niliijaza kama mtu anayenunua bahati nasibu. Nani angenipa mimi, niliyekuwa mpishi wa kambi? Nikakaa kimya kwa sababu sikutaka unihurumie nikikosa. Jumanne ya wiki iliyopita nikaitwa, viza imetoka. Nikasema nitamwambia Ngele Jumapili, tukitoka kanisani. Jumapili hiyo hiyo baba akapiga simu. Tata, Ngele! Aliyesema hatakanyagiwa ua wake na Msukuma. Anacheka kwenye simu. Anasema, waambie waje Jumamosi. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli!" Aliinua uso, na sasa macho yake yalikuwa makavu na makali. "Unamjua dada yangu Regina?"

"Namjua."

"Unamjua na watoto watano na jembe. Humjui alipochaguliwa chuo cha uuguzi. Barua ilikuja Jumatatu. Ng'ombe wakaja Alhamisi. Tata alisema, mwanamke aliyetolewa ng'ombe hasafiri, ataniaibisha. Barua ile anayo mpaka leo kwenye kopo la sukari. Nilikuwa darasa la tano, niliona anavyoisoma akidhani sisi tumelala. Kila nikikumbuka Jumamosi, nafurahi, wallahi nafurahi, halafu naona lile kopo."

Hasira ya Ngeleja haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa.

"Mimi si baba yako," alisema hatimaye.

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia. Rhobi, miaka tisa nafundisha somo la saba la kile kitabu cha Kifaransa. Familia inakwenda likizo ziwani. Wanakodi boti, wanapanda mlima, wanakula jibini. Nimechora lile ziwa ubaoni mara ngapi, na mimi sijawahi kuliona. Nilikufundisha wewe neno la kasia. Na siku unakwenda kuliona ziwa lenyewe, mtu wa mwisho kuambiwa ni mimi?"

"Nilikuogopa kuliko tata," alinong'ona.

"Mimi? Nimewahi hata kukukemea?"

"Ndiyo maana. Tata angesema usiende, ningepigana naye. Wewe ungesema nenda, kwa ile sauti yako ya upole, halafu ungekwenda zako nyumbani ukalie peke yako. Au ungesema baki. Na mimi ningebaki, Ngele! Ungesema baki mara moja tu, ningebaki. Ningebaki na nisingekusamehe."

Simu ililia.

Ilikuwa shingoni mwake, ndani ya mfuko wa kuzuia maji. Wote wawili waliangalia kioo. *Tata.*

"Usipokee," Ngeleja alisema.

Lakini Rhobi alikuwa ameshabonyeza. Mfuko ule haukuruhusu kuweka simu sikioni, kwa hiyo sauti ya Mzee Wiliam, baba yake, ilitoka wazi juu ya maji, nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Rhobi!"

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Hao Wasukuma wako, mbuzi wanakula wa kuchoma au wa mchuzi? Mama yako ananisumbua tangu asubuhi. Anasema wageni wa mbali wanataka mchuzi. Mimi nasema mwanaume gani anakula mbuzi wa mchuzi? Na huyo mjomba, ana meno?"

Rhobi aliziba mdomo. Ngeleja aliona kifua chake kikipanda na kushuka. Katika miezi yote minane ya hapana, alikuwa hajawahi kumsikia mzee huyu akiwa na furaha, na sasa furaha ile ilikuwa ngumu kuliko matusi.

"Tata," Rhobi alisema. "Subiri kidogo, nina neno."

"Sema."

"Jumamosi sitakuwepo."

"Utachelewa? Kikao ni saa nne."

"Sitakuwepo kabisa. Nitakuwa kwenye ndege. Nimepata kazi Ufaransa, tata. Miezi saba. Kutembeza watalii kwenye maziwa."

Huko Nyanungu ng'ombe mmoja alilia, na mtu mwingine akamfukuza.

"Kwenye maziwa," Mzee Wiliam alirudia. "Maziwa hapa hakuna? Ng'ombe hawakamuliwi asubuhi na jioni?"

"Maziwa ya maji, tata. Kama Viktoria, ila madogo."

"Viktoria yenyewe hujawahi kwenda kuishi huko. Unapita juu yake kwenda kutafuta madogo." Sauti ilianza kupanda. "Nimewaambia watu! Nimewaambia ndugu zangu wote kwamba binti yangu anaposwa Jumamosi. Nimesema mbele ya wazee! Sasa niwaambie nini, kwamba bibi harusi ameruka?"

"Nimekosa, tata. Nimekosa kwa kuficha. Lakini nitakwenda."

Alisema vile akiwa ameshika kingo zote mbili za mtumbwi, kama mtu anayeogopa kwamba maneno yake yenyewe yatampindua. Ngeleja alikuwa hajawahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile, na hajawahi kumkasirikia kama dakika ile, na vyote viwili vilikaa kifuani pamoja.

"Huyo mura, huyo kijana wako wa Kisukuma, anajua?" Mzee aliuliza.

"Amejua leo."

"Leo!" Alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Kumbe tumefichwa wote. Yuko wapi?"

Rhobi alimtazama Ngeleja. Ngeleja aliinama mbele, mikono magotini, karibu na kile kifuko.

"Shikamoo, mzee. Niko hapa."

"Marahaba. Wewe ndiye umemruhusu?"

Lilikuwa swali lenye mtego, na Ngeleja aliuona. Akisema ndiyo, anajifanya mwenye mali ambayo hajapewa. Akisema hapana, anamsukumia Rhobi peke yake.

"Hajaniomba ruhusa, mzee. Na mimi sijapewa kazi ya kutoa ruhusa. Amenieleza, nimesikia."

"Umesikia. Na umefurahi?"

"Hapana. Nimeumia sana."

"Basi mkataze! Una mdomo wa kazi gani? Unafundisha watoto na huwezi kumwambia mwanamke mmoja keti?"

"Mzee, anaweza kuketi. Nikimwambia ataketi. Lakini nitakuwa nimeoa mtu aliyeketi akitazama barabara. Mimi nataka huyu anayekuja kwangu kwa miguu yake. Kama hawezi kuja sasa, nitangoja aje."

"Na akikutana na mwingine huko?"

Hakuna aliyekuwa amelitaja hilo tangu mtumbwi uondoke ukingoni. Rhobi alifungua kinywa, Ngeleja akainua mkono kumzuia.

"Nitalia, mzee," alisema. "Sina jibu jingine."

Mzee Wiliam alipumua. Alipumua kwa muda, kama mtu anayetua mzigo kisha anaukagua kabla ya kuubeba tena.

"Sisi hatupokei posa ya kiti kitupu," alisema.

"Najua, mzee. Lakini tuliahidi kuja Jumamosi, na mimi na mjomba tutakuja. Tutakusalimu, basi. Hutakaa mbele ya ndugu zako ukingoja watu wasiotokea."

"Mtakuja bila binti."

"Tutakuja."

"Sijakubali chochote."

"Nimesikia."

"Na habari za ng'ombe zisitajwe. Ng'ombe wako wakae huko huko Maswa mpaka huyu mtu arudi kutoka kwenye hayo maziwa yake na aniangalie usoni."

"Sawa, mzee."

"Rhobi!"

"Tata."

"Mama yako nitamwambia mimi. Usimpigie mpaka jioni, acha kwanza alie." Akasita. "Huko kuna baridi?"

"Wanasema asubuhi kuna baridi."

"Chukua sweta." Kisha, kwa ukali ule wa mwanzo, kama aliyeshikwa akiiba: "Mbuzi nimeshamchagua! Mbuzi hajui mambo ya ndege. Waje wamle." Na simu ikakatika.

Upepo ulikuwa umewapeleka mbali. Kule ukingoni wageni walionekana kama vitone vya rangi, wamesimama, wakiwapungia, labda kwa wasiwasi.

Rhobi alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakuondoka tena. Ngeleja alitaka kusogea amshike, lakini mtumbwi haukuruhusu, kwa hiyo alinyoosha mguu wake ukagusa mguu wa Rhobi, nyayo kwa nyayo, wakakaa hivyo.

"Hukusema baki," Rhobi alisema akijifuta kwa mkono wa shati.

"Ulisema nikisema hutanisamehe."

"Najua nilivyosema." Aliangalia pembeni. "Lakini nilitaka usikie hamu ya kusema. Dakika moja tu."

"Rhobi, tangu nione kile kitanda nimelimeza neno baki mara mia. Lingenipalia mbele ya baba yako ungelisikia." Alichukua kasia. "Na usidhani yameisha. Nina hasira na wewe. Kesho nitakuwa na hasira, na wiki ijayo. Umenificha miezi minne. Utapokea simu zangu zote na utanisikiliza nikikasirika."

"Zote?"

"Hata ukiwa juu kwenye lile benchi la kulia."

"Nitapokea," alisema. "Kasirika unavyotaka. Usinyamaze tu, Ngele. Ukinyamaza nitarudi kwa miguu."

Walipiga kasia kurudi. Mara mbili mwendo uliwapotea, mara mbili wakaacha na kuanza tena, upya, kulia, kushoto, mpaka ukingo ukakaribia.

Mchana ule walipanda mlima pamoja na wageni. Rhobi alitangulia mbele, akionyesha nyayo za pimbi kwenye mwamba na jina la kila mti anaoujua, na sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kilio lakini haikukosea hata neno. Ngeleja alikuja mwisho, akimsaidia mzee mmoja wa Kifaransa mwenye goti bovu. Juu kabisa waliona bwawa lote, na Mugumu kwa mbali, na upande wa kusini nyika inayoingia hifadhini bila mpaka unaoonekana. Wageni walipiga picha. Rhobi hakupiga. Alisimama tu, mikono kiunoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, akiangalia kaskazini ambako ng'ambo ya Mto Mara ndiko kwao.

Saa kumi na moja gari liliwashwa.

Wageni waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja alichukua muda mrefu kuliko kawaida kutafuta kiti chake. Solange alimpa Ngeleja mkono, akamwambia kwa Kifaransa, "Nisamehe, mwanangu." Ngeleja akamjibu kwamba kile chumba ni kizuri kweli, na safari hii hakuwa anadanganya.

Rhobi alibaki nje, mlango ukiwa wazi nyuma yake.

"Na nikirudi nimekuwa mtu mwingine?" aliuliza. "Nisiyemjua hata mimi?"

"Basi huyo mtu akifika Mugumu aniulizie. Nitakuja kumpokea."

Mbele ya dereva, mbele ya mlinzi wa bwawa na Wafaransa wanane, Rhobi aliweka paji la uso wake kifuani mwa Ngeleja. Hakuwahi kufanya hivyo mbele za watu. Alikaa hapo akitulia, kwa mara ya kwanza siku nzima, mpaka dereva akakohoa. Halafu aliingia, na mlango ukafungwa, na gari likapanda barabara ya vumbi jekundu bila yeye kugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa amemwambia mapema kwamba akigeuka atashuka.

Ngeleja alirudi Kisaka kwa bodaboda. Walipofika njia panda ya shule, alishuka, akasimama kando ya barabara, akapiga simu.

"Mjomba Luhaga, shikamoo. Mmefika wapi?"

"Marahaba, mwanangu! Tunaingia Bunda. Basi limeharibika mara moja tu, tunamshukuru Mungu. Vipi huko, tayari?"

"Tayari, mjomba. Jumamosi tunakwenda. Ila kuna jambo moja. Rhobi hatakuwepo."

"Anaumwa?"

"Amepata kazi Ulaya. Miezi saba. Anaondoka kesho."

Ngeleja alisikia kelele za basi, mtoto akilia, mtu akiuza karanga dirishani. Alingoja mjomba wake amwambie kwamba yeye ni mjinga, kwamba ageuze basi arudi Maswa, kwamba ukoo mzima utamcheka.

"Baba yake amesema tusije?" Luhaga aliuliza hatimaye.

"Amesema hajakubali kitu. Lakini amesema tukale mbuzi."

"Amesema tukale mbuzi."

"Ndiyo, mjomba."

Luhaga aliposema tena, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, sauti ya mtu aliyepeleka posa nyingi na kuziona zikifa na kupona.

"Basi ile kanzu ya babu yako nimeibeba kwenye mfuko wa plastiki, imekunjamana," alisema. "Tafuta pasi, Ngeleja. Hatuwezi kwenda kwa wakwe tumekunjamana."